Kilio Kilichopigiwa Vigelegele

Wazee waliingia ndani umande ukiwa bado majanini, na mpaka jua linapanda juu ya migomba hakuna aliyetoka isipokuwa shangazi Yudith. Alikuja jikoni kuchota makande ya wageni, akajaza bakuli mpaka ukingoni, akampita Eliwaza karibu kabisa kama mtu anayepita karibu na kinu.

"Shikamoo, shangazi," Eliwaza alisema.

"Marahaba," akajibu shangazi kwa sauti ya kumjibu mtu baki, akaenda zake.

Eliwaza alikuwa amekaa kwenye kigoda, mgongo kaugandamiza kwenye ukuta wa jiko. Siku hizo hakukaa namna nyingine. Akikaribishwa nyumba ya mtu hutazama kwanza mlango uko wapi na ukuta uko wapi, ndipo avute kiti. Mama yake alimwambia asogee kwenye kivuli cha migomba, jua lisimchome, naye akakataa kwa adabu. Pale kivulini nyuma palikuwa wazi.

"Watamaliza lini, mama?"

"Wakimaliza tutasikia." Mama yake alikuwa na ungo mapajani, anachambua maharage, akitoa yaliyotobolewa na wadudu na kuyatupia kuku. "Wewe omba tu wapokee radhi yako. Damu ya shemeji si kitu kidogo."

"Sikujua kama ni shemeji."

"Ndivyo baba yako anavyowaambia."

Eliwaza alikuwa nesi. Mwaka ule bendera ya Mwingereza bado ilipepea bomani Same, na wasichana wa milimani waliofika mpaka kuvaa aproni nyeupe walikuwa wachache, hata wazee wa kijijini kwao, Vudee, walipomwona anapita walikuwa wakimwita "daktari wetu" na kumwonyesha majipu yao palepale njiani. Alifanya kazi katika zahanati moja kule chini Same, karibu na reli, na alikaa chumba kimoja na mwenzake Ruthi, msichana wa Kihurio, mcheshi, mwenye mwanya, aliyekuwa akiimba akiosha mabakuli ya wagonjwa.

Jioni moja Ruthi alitoka wodini kurudi chumbani. Pale penye ua wa minyaa wakamkamata wanaume asiowajua, wakamfunika gunia kichwani, wakampiga, wakamnyang'anya saa na viatu na pete ya marehemu bibi yake, wakaondoka hata hawakukimbia. Ni Eliwaza aliyemshona. Alimshona rafiki yake juu ya jicho kwa uzi uleule waliowashonea wachunga ng'ombe waliopigwa pembe, na Ruthi muda wote huo hakusema neno ila kuuliza, "Wameondoka? Wameondoka kweli?" Alipopona vidonda akapanda gari kwenda kwao, na kazi ikawa ndiyo basi.

Kikabaki kitanda chake kitupu, na Eliwaza akabaki nacho. Tangu hapo hakulala usingizi wa kueleweka. Aliinama kutazama chini ya vitanda vyote viwili kabla ya kuzima taa. Mgonjwa akikohoa ghafla nyuma yake, sinia la sindano linamtoka mikononi na vyombo vinatawanyika sakafuni, wodi nzima inacheka. Sindano aliyokuwa akiipiga mtoto asilie, sasa ilimtetemeka hata watu wazima wakaanza kuuliza kama yule nesi mwingine yupo. Akaanza kutembea na mkasi wa bendeji mfukoni. Sista wa Kizungu alimwambia anywe chai ya moto na afanye kazi. Wenzake wakamwambia, "Lakini wewe hukuguswa, Eliwaza. Aliyeguswa ni Ruthi."

Mtu mmoja tu hakumwambia hivyo, naye ni Asheri, mchumba wake. Asheri alikuwa seremala. Aliposikia habari ile alishuka kutoka mlimani na kipande cha mti mgumu begani, akashinda pale mlangoni anakwangua na kupiga randa mpaka akamtengenezea komeo nene kama mkono wa mtu. Kisha akatoka nje akamwambia ajifungie, akasukuma mlango kwa bega, akasukuma tena, akasema kutoka kule nje, "Haya, mimi nimeshindwa. Na mimi ndiye niliyelitengeneza." Eliwaza akacheka, mara ya kwanza tangu Ruthi aondoke. Alifungua mlango akamkuta amejaa vumbi la mbao kwenye nyusi, akajua kwamba huyu ndiye.

Ndiyo maana lililotokea juzi halikumwingia akilini.

Milimani Upareni siku hizo, mahari ikishakamilika, msichana hakwenda kwa mumewe kwa miguu yake. Alibebwa. Wazee wa pande zote mbili hupanga siku kimyakimya, na wote wanaijua isipokuwa mwenyewe. Vijana wa upande wa mume humvizia njiani, humfunika nguo, humwinua mabegani na kukimbia naye mpaka kwa mama mkwe, yeye akipiga kelele njia nzima. Kelele ndiyo heshima yake. Asiyelia husemwa mpaka uzeeni kwamba alikuwa na haraka ya mume. Kanisani wataenda baadaye, na mchungaji atawaombea kama hajui.

Shangazi Yudith ndiye aliyetuma salamu Same kwamba goti la mama yake limevimba. Eliwaza akaomba ruhusa, akafunga dawa ya kuchua na bendeji kwenye kikapu, akaandamana na wanawake waliokuwa wakipanda kutoka gulioni, wakaachana pale penye ndiva, lile bwawa la maji ya mfereji. Kutoka hapo mpaka kwao ni shamba la kahawa tu. Akajipa moyo. Katikati ya shamba akasikia majani, na nguo ikamwangukia kichwani.

Wanasema alipiga kelele ambazo hazijawahi kusikika Vudee. Wanawake waliokuwa wakipalilia ng'ambo ya mfereji walizisikia wakaacha majembe, wakapiga vigelegele. Mkono ukaja kumziba mdomo, naye akautafuta mkasi mfukoni akauchoma mkono ule kwa nguvu zake zote. Wakamwachia, akaanguka. Nguo ilipomtoka alimwona Lukasi, mdogo wake Asheri, kijana wa kuimba kwaya, amepiga magoti anatazama kiganja chake damu inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Eliwaza hakusema kitu. Alifungua kikapu, akamsafisha, akamfunga kwa bendeji zilizokuwa za goti la mama, na mikono yake haikutetemeka hata kidogo mpaka alipomaliza kufunga fundo la mwisho.

Goti la mama lilikuwa zima.

"Hata mimi nililia," mama yake alisema sasa, macho kwenye ungo. "Nililia njia nzima mpaka sauti ikakauka. Baba yako mpaka leo huwa ananicheka."

"Ulikuwa unalia kweli, mama, au ya desturi?"

Mkono wa mama ulisimama katikati ya maharage. Kuku alisogea akanyakua punje moja ukingoni mwa ungo, naye hakumfukuza.

"Mambo ya zamani hayo," akasema.

Mlango wa nyumba kubwa ukafunguliwa, Asheri akatoka. Alisimama kidogo kwenye mwanga akipepesa macho, akamtafuta, akamwona. Eliwaza alijikuta anamtazama kama alivyomtazama siku zote, kuanzia mikono. Kulikuwa na unyoya wa mbao iliyopigwa randa umenasa kwenye kishikizo cha shati lake la Jumapili, na vidole vyake vikatamani kuutoa. Mama yake akainuka na ungo wake, akasema anakwenda kutazama moto ambao wote walijua umeshazimika.

"Umekula?" Asheri aliuliza.

"Wamesemaje?"

"Nimeuliza kama umekula."

"Na mimi nimeuliza wamesemaje."

Asheri akachuchumaa mbele yake, si karibu sana. "Lukasi anakusalimu. Kidole cha mwisho hakikunjiki bado. Anasema akioa yeye, mchumba wake atakuja kwa miguu yake na mwavuli wake."

Tabasamu lilimjia Eliwaza bila kumwomba ruhusa, likaondoka. "Mwambie asikiloweshe kidonda."

"Nitamwambia." Akachora chini kwa kijiti. "Wamekubali, Eliwaza. Baba yako ameomba radhi, baba yangu mdogo amepokea. Baba yako atatoa mbuzi wa kumwosha Lukasi ile damu. Hapo wamekwisha."

"Na nini kingine?"

"Mama anasema..." Akakitupa kijiti. "Mama anasema bibi harusi aliyeangushwa njiani akarudi kwao, huyo ni kama amekataliwa. Hawezi kuingia nyumbani kwake hivihivi. Itabidi ubebwe tena."

Eliwaza akamtazama kama mtu anayesubiri maneno mengine. Hayakuja.

"Safari hii utajua siku," Asheri akaongeza haraka. "Utajua na watu wenyewe. Mimi mwenyewe nitakuwa pembeni. Ni kipande kidogo tu, kutoka mferejini mpaka mlangoni kwetu. Unafumba macho, imekwisha, tunaanza maisha yetu. Mimi sikuombi kingine duniani."

"Asheri, wewe ndiye uliyenitengenezea komeo."

"Ndiyo."

"Ulijua nalala vipi. Ulijua kwamba hata kuchota maji sichoti mpaka apatikane wa kunisindikiza. Kuna mtu mwingine yeyote niliyemwambia? Mama yangu mzazi sikumwambia."

"Nilijua."

"Sasa walipokuja kupanga siku, ulisemaje?"

Ndani mtu alicheka, kikombe kikagonga sahani.

"Nilisema itakuwa njema," Asheri alijibu. "Nilidhani... Eliwaza, wale wa Same ni wezi. Hawa ni ndugu zako. Nilidhani ukishaona ni sisi, ile hofu itatoka. Nilidhani itakuponya."

"Mimi nimeshonea watu vidonda tangu nilipotoka shule. Sijamponya mtu kwa kumpiga palepale alipoumia."

"Sikujua kama itakuwa vile."

"Ulikuwa wapi?"

Asheri akainamisha kichwa.

"Mwanamume hukaa kwao kungoja," Eliwaza alisema. "Ndivyo desturi. Lakini ulifika upesi mno siku ile. Lukasi sijamaliza kumfunga, wewe umeshafika. Ulikuwa wapi, Asheri?"

"Kwenye kahawa. Juu kidogo ya njia. Sikuweza kukaa nyumbani, roho ilikuwa inanidunda."

"Kwa hiyo ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Nilikuwa naita nini?"

Macho ya Asheri yalipoinuka yalikuwa yamelowa, na Eliwaza, Mungu amsamehe, alimpenda hata pale. Lau angenyamaza, au angedanganya, huenda angeshika ule mkono wenye sugu za randa na kufumba macho, akabebwa kama mama yake alivyobebwa. Lakini Asheri hakuwa mwongo.

"Ulikuwa unaita jina langu," alisema. "Ulisema, Asheri, nakufa."

"Na wewe?"

"Nilifurahi." Alisema kwa sauti ndogo. "Nilidhani unacheza vizuri. Wenzangu wake zao waliwaita mama zao tu. Mimi nikasema, huyu ananiita mimi. Nikafurahi, Eliwaza."

Upepo ulipita kwenye migomba, majani yaliyochanika yakagongana. Hakulia. Kulia alishalia kwenye kahawa, na watu wakapiga vigelegele.

"Ingia ndani," akasema hatimaye, "ukawaambie hapana. Useme ni wewe unayekataa. Useme mke wangu hatabebwa na mtu. Ukitoka na neno hilo nitakwenda na wewe leo hii kwa mchungaji, na gauni hilihili, na kila siku nitamwamkia mama yako akiitikia asiitikie."

Asheri akasimama. Alifuta viganja kwenye suruali, akaingia. Eliwaza akasikia sauti yake, kisha ya mama mkwe ikipanda juu ya zote: "Tumeoa mtu au tumeoa chui?" Kisha kicheko cha baba mdogo, kisha minong'ono. Alisikiliza kama anavyosikilizwa mgonjwa kifuani. Aliitafuta sauti ya Asheri katikati ya zile nyingine, na muda mrefu hakuipata.

Alipotoka, uso wake ulikuwa na nafuu ya mtu aliyeshusha mzigo.

"Wamelegeza," alisema. "Hawatakuwa wanaume. Watakubeba wanawake, dada zangu na binamu zangu. Na hawatakufunika kichwa. Mama amekataa sana, lakini nimemshinda kwenye la kichwa."

"Na hapana, uliisema?"

"Nilisema nitakuja kukuuliza."

Eliwaza akainuka kigodani. Akakunguta gauni lake, akamkaribia, karibu kuliko alivyokuwa amemkaribia mtu yeyote tangu siku ile. Akautoa ule unyoya wa mbao kwenye kishikizo, akaudondosha chini. Kisha akampita akaingia ndani kwa wazee.

"Shikamooni."

"Marahaba," wakaitikia kwa kupishana.

Alisimama karibu na mlango. Baba yake, Mzee Eliufoo, alikuwa na kofia mapajani. Mama mkwe alikuwa amefunga khanga mpya kichwani, midomo imekaza. Shangazi Yudith akalitazama bakuli la makande.

"Naomba radhi kwa mkono wa Lukasi," Eliwaza alisema. "Nitakuwa nautibu mpaka upone, akishuka Same nitamhudumia kabla ya wengine wote. Lakini kubebwa sitabebwa. Si na wanaume, si na wanawake. Kama mlango wenu hauingiliki kwa miguu, basi sitauingia."

"Unasikia?" mama mkwe akamgeukia Mzee Eliufoo. "Ndizo shule hizo. Wenzake wote wamebebwa, nani amekufa? Nani alimgusa huyu mtoto, hata awe anashtuka kama swala? Aliyepigwa ni yule mwenzake."

"Ndiyo, mama," Eliwaza alisema. "Mimi sikuguswa. Nimeguswa juzi, na watu wako."

Mzee Eliufoo aliizungusha kofia yake kwa ukingo, akamtazama binti yake kwa huzuni, bila hasira, na hilo ndilo lililomuuma zaidi.

"Unarudi Same leo?" baba aliuliza.

"Leo."

"Na nani?"

Nyumba nzima ilijua jibu. Gulio halikuwa siku ile, njia ilikuwa tupu mpaka kule barabarani, na yeye kwenda peke yake hakuweza. Alisimama pale, nesi mzima, na machozi yaliyokataa kutoka mbele ya Asheri yakamkaribia kwa jambo hilo dogo.

"Nitampeleka," Asheri akasema kutoka mlangoni nyuma yake.

Eliwaza alishtuka mpaka bega likagonga mwimo.

Mama yake alimfungia ndizi mbivu kwenye jani, akamshika mashavu yote mawili. Penye geti la miti Asheri alisimama pembeni apite kwanza, kama alivyozoea, yeye afuate na kikapu.

"Tangulia," Eliwaza alimwambia.

"Nikikaa nyuma nakuangalia usije ukateleza."

"Tangulia, Asheri."

Akatangulia. Walipita penye ndiva, maji yametulia, wakashuka na mfereji, wakateremka penye mawe. Eliwaza alikuwa akiutazama mgongo wake mpana na shati lililokuwa likilowa jasho katikati, na moyo ulimuuma kama jino. Alikumbuka walivyokuwa wakipanga nyumba: chumba cha mbele kipigwe sakafu ya mbao, dirisha litazame uwanda, kitanda achonge mwenyewe. Asheri akipunguza mwendo, naye alipunguza. Asheri akisimama kungoja, naye alisimama.

Karibu na bonde, ambapo paa za bati za Same na moshi wa treni tayari vilikuwa vinaonekana, njia inapita chini ya ukuta wa udongo mwekundu, nyembamba, ya mtu mmoja. Mbele kidogo tu barabara, na sauti za watu. Asheri alijibana kwenye ukuta huo, akashika mizizi, tumbo kalivuta ndani.

"Hapa mimi narudi," alisema. "Pale barabarani kuna watu. Pita."

Nafasi ilikuwepo ya kutosha. Ingebidi tu bega lake liguse kifua cha Asheri. Zamani wangeitafuta njia nyembamba kama ile kwa makusudi.

Eliwaza aliinua mguu, akaurudisha.

"Pita, Eliwaza. Ni mimi."

"Najua ni wewe."

"Basi pita."

Masikio yakaanza kuvuma, sawasawa kama wodini sinia linapomtoka. Alijaribu tena. Alimtazama usoni kabisa, zile nyusi, ule mdomo, akayaita mapenzi yote aliyokuwa nayo yamsaidie, nayo yalikuwa mengi, hayakupungua hata kidogo. Miguu ilikataa.

"Siwezi," alisema.

Asheri akamtazama. Kisha akashusha macho kwenye ule upana mdogo wa njia uliobaki kati ya mwili wake na ukingo wa bonde, akauelewa. Uso wake ukabadilika taratibu, kama wa mtu anayesomewa ugonjwa wake.

"Hata mimi unaniogopa," alisema.

"Wewe kuliko wote."

Alikiweka kikapu katikati ya njia, kwa upole, kama mtu anayeweka mtoto aliyelala. Ili asipite karibu naye, akapanda ule ukuta kwa mikono na magoti, udongo ukimporomokea kwenye shati la Jumapili, akatokeza juu kwenye mihogo ya watu, akashika njia ya kurudi kwao kwa kuzunguka.

Eliwaza alibaki palepale. Nyayo zile alizijua kuliko za mtu mwingine yeyote. Alikuwa akizitambua kwenye kokoto za zahanati kabla mwenyewe hajabisha hodi. Alisimama akazisikiliza zikivunja vijiti vya mihogo, zikipungua, mpaka akawa na hakika zimekwenda mbali. Ndipo akaokota kikapu.